Inua, Laza Upya: Njia ya Matofali ya Uani Kabla ya Mvua za Tabora

Mvua kubwa ya kwanza ikianguka Tabora, mara nyingi mwezi wa Novemba, kila mtu hukimbilia ndani. Wewe toka nje. Chukua mwavuli, vaa ndara, ukasimame kando ya njia yako ya matofali, ile inayotoka getini hadi barazani. Simama dakika kumi. Matofali yaache kwanza, tazama maji: yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanatokea wapi, yanabeba nini. Ukirudi ndani utakuwa umeshaujua ugonjwa wa njia yako, na hujamlipa mtu hata senti.

Unasoma haya Juni au Agosti, vumbi limetanda na hakuna wingu? Si neno, tena huo ndio wakati wa kazi yenyewe. Teka ndoo sita za maji, zimwage taratibu upande wa juu wa njia, uone. Kwenye njia nzima maji hutambaa, hutoka pembeni, hukauka. Kwenye njia mbovu yatajikusanya katikati, au yatazama ghafla mahali pamoja kama yamemezwa. Pale yanapomezwa pana shimo chini, hata kama tofali la juu bado limetulia. Weka alama kwa mkaa.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza na tofali, nikajuta. Nyumba niliyohamia Ng'ambo, hapahapa Tabora, niliikuta na njia ya matofali ya kuchoma, urefu wa mita kumi na mbili, imebonyea katikati na kuachana pembeni. Nikamwita fundi. Akaitazama mara moja, akasema, “Hii, mzee, kazi ndogo. Tunaziba nafasi kwa simenti, habari yake inaisha.” Tukaziba. Ilipendeza, nisiseme uongo. Mwaka ule wageni waliisifu. Masika ya pili ikapasuka kwa marefu, maji yakapenya kwenye ufa yakakosa pa kutokea, na chini pakawa uji. Nilipotaka kuyainua matofali niyapange upya, simenti ilikuwa imeyang'ang'ania: karibu kila nililoligusa lilivunjika. Katika matofali mia nne na ushee niliokoa yasiyofika mia na hamsini.

Tangu siku hiyo sina subira na mtu anayeziba njia ya matofali kwa simenti. Tofali la kuchoma la kwetu ni laini, linakunywa maji, linatanuka na kusinyaa kwa jua. Linataka kulala juu ya kitu kinachopitisha maji, na linataka siku moja liweze kuinuliwa zima.

Somo la kwanza liko katika historia yetu: mji wa Tabora ulizaliwa na njia. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali pakiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajenga tembe zao, na misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ikipita kati ya Bagamoyo na Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Barabara kuu hiyo haikuwa na tofali hata moja. Kilikuwa kijia cha mtu nyuma ya mtu. Nyayo hazikukiharibu, nyayo ndizo zilizokishindilia hadi udongo ukawa mgumu kama sakafu ya chokaa. Kilichokihamisha ni maji na miti. Dimbwi likituama, wapagazi walipita kando, na pakilowa pale kando walisogea tena. Mti ukianguka waliuzunguka, na kona ikabaki pale hata mti ulipokwisha kuliwa na mchwa. Chuma na Susi, walipoondoka Kwihara mwishoni mwa 1873 wakiipeleka pwani maiti ya bwana wao Livingstone, walikanyaga njia ya namna hiyo. Ukienda leo kuiona tembe ya makumbusho pale Kwihara, kilomita chache nje ya mji, tazama pia kijia chochote cha udongo kinachokatiza mashamba ya jirani. Palipo pakavu ni chembamba na kigumu. Palipo na tope kimetawanyika kama ufagio.

Somo la pili liko stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mataruma yake hayakugandishwa ardhini kwa zege. Yamelazwa juu ya kokoto kali, na mvua inapita katikati ya mawe. Reli ikibonyea, wafanyakazi wa njia huinyanyua, hushindilia kokoto chini ya taruma, huishusha, kazi imekwisha. Hata reli mpya ya SGR inalazwa juu ya kokoto. Kama garimoshi zima linakaa juu ya mawe yasiyogandishwa, wewe na ndoo yako ya maji mtashindwaje? (Kokoto za reli ziache relini. Ni mali ya umma, na kesi yake haitalingana na thamani ya karai mbili.)

Kuzisoma dalili

Bonde katikati ya njia lina sababu mbili za kawaida. Ama msingi haukushindiliwa, ama kuna bomba linalovuja chini. Hakikisha hili la pili kabla hujashika sururu: funga koki zote za nyumba, kisha nenda katazame mita ya maji ya TUWASA. Ikizunguka na hakuna anayechota, ugonjwa wako si wa matofali. Na hata kama halivuji, uliza bomba lilipita wapi. Nimeona njia nzuri iliyofukuliwa mara tatu kwa sababu aliyeijenga hakukumbuka kuacha bomba pana tupu la kupitishia maji au waya chini yake. Ukiinua matofali safari hii, zika kipande cha bomba hilo. Kitakuokoa siku utakapotaka kuvuta umeme wa taa ya getini.

Tofali moja moja likizama kama jino lililong'oka, fikiria vigingi. Fundi hufunga uzi kwenye vigingi vya miti, kazi ikiisha anavigongea ardhini badala ya kuving'oa. Mchwa wanavila, panabaki tundu, tofali linaingia. Mchwa hawali tofali, lakini chini ya njia wanapata kivuli, unyevu na mchanga laini wa kupitishia mifereji yao hadi kwenye fremu ya mlango wako. Kwa hiyo usizike mti wowote chini ya njia: si kigingi, si kisiki, si kipande cha ubao. Palipo na mlango wa mbao acha nafasi ya upana wa kiganja, uijaze kokoto, na uitazame kila mwezi. Mfereji wa udongo ukiuona unapanda, umewawahi. Na tafadhali, usimwage oili chafu ya gari. Najua ndiyo dawa ya wengi. Inaua udongo, inanuka, na mvua inaipeleka kisimani kwa jirani.

Njia ikipanda juu kama mgongo wa kobe, hapo kuna mzizi au kuna udongo wa mbuga. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mashamba ya mpunga, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wenye nyumba zilizo mabondeni wanaujua. Juu yake huwezi kulaza njia kwa msingi wa kawaida; chimba hadi sentimita thelathini, uondoe, ujaze moramu. Mifuko ya mbolea iliyochanwa na kutandazwa chini, ikilaliana kwa upana wa mkono, inasaidia moramu isididimie ikachanganyika na tope. Wataalamu wana kitambaa maalumu cha kazi hiyo. Mfuko wa mbolea ni binamu yake wa kijijini, na maadamu umezikwa mbali na jua unadumu.

Habari ya mzizi inataka nafasi yake, kwa sababu Tabora ni mji wa miembe. Mingine ni mikubwa kuliko nyumba iliyo chini yake, na njia nyingi za uani zinapita kivulini mwake. Usikate mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono, hasa karibu na shina: utaumiza mti, na mwembe uliokatwa mizizi ya upande mmoja unaweza kuangukia upande wa pili siku ya upepo. Mizizi ya unene wa kidole gumba kata kwa msumeno mkali, si kwa shoka la kuupasua. Ile mikubwa ipishe. Ama pindisha njia, na njia iliyopinda kidogo ina uzuri wake, ama iinue: ongeza moramu pande zote mbili ili njia ipande taratibu juu ya mzizi na kushuka, bila ngazi ya kumkwaza bibi. Kuzunguka shina acha duara la udongo wazi, angalau mita moja kutoka kwenye gome.

Tena mwembe huleta kazi nyingine msimu wa maembe. Embe lililoanguka likilala siku mbili juu ya tofali huchachuka, huita nzi, na utomvu wake huacha doa jeusi. Okota kila asubuhi. Watoto wapewe kazi hiyo kabla ya shule, malipo yao ni kula mazuri. Doa likishaingia, sugua kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Lisipotoka lote, ligeuze tofali.

Na hiyo ndiyo siri nzuri kuliko zote katika kazi hii: tofali lililolazwa juu ya mchanga lina nyuso mbili. Lililochakaa juu kwa miaka ishirini, chini bado ni jipya. Uholanzi, ambako mitaa mingi imelazwa matofali juu ya mchanga, mafundi wakitaka kutengeneza bomba huyainua kwa mkono, huyarundika kando, na jioni huyarudisha yaleyale. Kwa simenti hilo haliwezekani.

Tofali lipi

Kabla ya kununua hata moja, yahesabu uliyonayo. Tofali la kawaida la kuchoma lina urefu wa sentimita 23 hivi, upana 11 na kimo 7, ingawa kila mfyatuaji ana kibao chake, kwa hiyo pima. Likilazwa kwa tumbo, mita moja ya mraba inakula matofali kama 37. Likisimamishwa kwa ubavu, kama 57. Ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya yatakayovunjika. Njia ya upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, basi, ni matofali 410 kwa tumbo au 630 kwa ubavu. Kwa ubavu ni ghali, lakini tofali linakuwa na kina cha sentimita 11 badala ya 7, na tofali la wastani likisimama hivyo linastahimili toroli iliyojaa mchanga, ilhali likilala lingekatika.

Ukiwa huna budi kununua, nenda tanurini mwenyewe. Usiagize kwa simu. Katika tanuri moja kuna matofali ya aina tatu. Yaliyokuwa nje kabisa, karibu na lipu ya udongo, hayakuiva: yana rangi ya chungwa hafifu na ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Ya katikati yameiva sawasawa. Yaliyokaa jirani na midomo ya moto yameungua, mengine yamekuwa meusi au ya zambarau, yana uso kama wa kioo, yamepinda kidogo. Mjenzi wa nyumba anayakataa hayo kwa sababu hayakai sawa kwenye ukuta. Wewe yachague. Kwa njia ya miguu hakuna tofali bora kuliko lile la jirani na moto, maadamu halikupinda sana, na mara nyingi muuzaji atakuuzia kwa bei ya chini akidhani anakuondolea takataka.

Jaribu kwa sikio: gonganisha mawili. Likilia kama chuma, chukua. Likitoa kishindo kizito cha boga, rudisha. Kisha jaribu kwa maji, nyumbani, kabla ya kulipia tripu nzima: chukua matofali matano makavu, yapime kwenye mizani ya duka la jirani, yazamishe ndani ya ndoo usiku kucha, yafute, yapime tena. Tofali la kilo tatu likiongezeka nusu kilo au zaidi, hilo ni sifongo. Liende likajenge banda la kuku. Likiongezeka robo kilo, umepata mali.

Matofali ya zamani ya nyumba au mabani ya kukaushia tumbaku yaliyobomolewa ni mazuri kuliko watu wanavyodhani, hasa yaliyojengewa kwa udongo, maana udongo unatoka kwa panga kuukuu na maji kidogo. Masizi ya bani hayana neno. Isipokuwa usichukue ya choo wala ya bafu la nje. Yamekunywa chumvi miaka mingi, na chumvi ndiyo inayolimenya tofali ganda baada ya ganda. Nina sababu nyingine ya kupenda matofali ya zamani, na ni ya kuni. Tanuri moja linakula magogo mengi ya miombo, na miombo ya mkoa huu tayari ina mdai mwingine, tumbaku inayokaushwa kwa moto huko Urambo, Kaliua na Sikonge. Kila tofali unaloligeuza badala ya kulinunua, ni kuni iliyobaki imesimama.

Gari je? Ikiwa gari linapita juu, sahau matofali ya kuchoma ya mkono kwenye sehemu hiyo. Weka pevingi za simenti, zile za unene wa sentimita 8. Za sentimita 6 ni za miguu. Huna haja ya kuona haya kuchanganya: pevingi njia ya gari, matofali mekundu njia ya watu.

Kazi yenyewe

Anza Julai, ukijitahidi umalize kabla ya Oktoba kuisha. Piga picha njia kwa simu, kila mita moja, kabla ya kugusa kitu. Tofali la kwanza ndilo gumu. Huwezi kulishika popote. Tafuta lililokwisha kupasuka, livunje kwa tindo, utoe vipande, na kutoka hapo mengine yanainuka kwa bisibisi mbili pana au nondo iliyopondwa ncha. Yarundike kwa makundi: mazima, ya kugeuzwa, nusu, na ya kutupa. Ya kutupa usiyatupe; yavunje yawe kokoto ya msingi.

Ukifika kwenye mchanga wa zamani, utoe wote. Usishawishike kuongeza mpya juu yake, kwa sababu umeshachanganyika na udongo na hautapitisha maji. Kwa matofali ya kulala, kina cha shimo kiwe kama sentimita ishirini: kumi za msingi, tatu za mchanga, saba za tofali. Kwa matofali ya ubavu ongeza nne. Kama njia inagusa ukuta, hakikisha uso wake utakuwa chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita kumi na tano au zaidi, vinginevyo utakuwa umeupandishia ukuta unyevu kwa mikono yako.

Sasa mwinamo, na hapa usimkubalie fundi anayepima kwa jicho. Kila mita moja ya upana ishuke sentimita mbili, kuelekea mbali na nyumba. Mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, unapima vizuri kuliko pima maji fupi ya chuma: maji ya ncha moja na ya ncha nyingine lazima yalingane, hata kona ikiwa katikati. Funga uzi kwa vipande vya nondo, si vigingi vya mti, sababu umeshaisoma.

Moramu iingie kwa tabaka mbili za sentimita tano tano. Inyunyizie maji, shika konzi, ikamue: ikishikamana bila kuchuruzika, iko tayari. Kishindilio cha kujitengenezea ni kopo la rangi la lita nne lililojazwa zege na kuchomekwa bomba la chuma katikati. Lina uzito wa kama kilo kumi na mgongo wako utaujua jioni. Shindilia kila tabaka mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Ukichoka hapa ukasema inatosha, umerudi pale nilipokuwa mimi Ng'ambo. Kazi ya siku tatu, siku mbili ziwe za chini ya tofali.

Ukingo uje kabla ya mchanga. Njia isiyo na ukingo hufunguka kama mkeka usiotiwa pindo: tofali la pembeni linasogea kidogo, la pili linalifuata, na masika moja baadaye nafasi za katikati zinameza kidole. Simamisha matofali wima kila upande, nusu ndani ya ardhi, uyashike kwa zege kwa nje tu. Hapo ndipo mahali pekee ninaporuhusu simenti. Tena upande wa chini wa mwinamo acha upenyo mdogo kila baada ya mita moja na nusu, maji yapate mlango.

Mchanga wa kulalia uwe wa mtoni, wa chembe kali, usio na udongo. Jaza chupa ya maji nusu mchanga, nusu maji, itikise, iache saa moja. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, tafuta mwingine au uoshe. Kuusawazisha, laza mabomba mawili ya inchi moja juu ya moramu, sambamba. Kwa nje yana unene wa sentimita tatu na kitu. Mwaga mchanga katikati, buruta ubao ulionyooka juu ya mabomba, kisha yatoe na kujaza mifereji yake. Usiukanyage tena. Fanya kazi ukiwa umepiga magoti juu ya matofali uliyokwisha kuyalaza, ukienda mbele.

Kwa mpangilio kila mtu na macho yake. Mistari iliyopishana kama ya ukuta ni rahisi kwa anayeanza, ikikatiza njia, si kwenda nayo. Mpangilio wa mkeka, mawili hivi na mawili vile, unasamehe matofali yasiyolingana. Ule wa mfupa wa samaki ndio unaoshikana kuliko yote, lakini una kukata kwingi pembeni, na tofali laini halikatiki kwa adabu. Vyovyote utakavyochagua, acha nafasi ya unene wa sarafu mbili kati ya tofali na tofali, uso wenye mikwaruzo uwe juu ili mtu asiteleze, na kila moja lipige kwa nyundo ya mpira mara mbili tatu. Yaache juu kuliko kimo unachotaka kwa karibu sentimita moja. Yatashuka yenyewe.

Mwisho mimina mchanga mkavu juu yake, uliochekechwa kwa wavu wa mbu wa dirishani, uufagie kwa mshazari mpaka uzame kwenye nafasi. Nyunyiza maji kidogo, subiri kesho, rudia. Keshokutwa tena. Mchanga mbichi hautaki kuzama, kwa hiyo uanike juani kwanza.

Baada ya hapo

Mvua ya kwanza itanywa mchanga wako na utaona nafasi wazi. Usifadhaike, ndivyo inavyokuwa; jaza tena. Palipo chini ya upenu wa bati lisilo na gata, michirizi itachimba mstari mmoja usio na huruma kila siku. Hapo toa safu moja ya matofali, weka kokoto badala yake, au nunua gata na pipa, ambayo ni akili zaidi.

Majani yanayoota kati ya matofali yang'oe baada ya mvua, au yamwagie maji yanayochemka kutoka jikoni. Usitumie chumvi, hata kama jirani ameapa kwamba ndiyo dawa. Inaua majani, kweli, na baada ya miaka michache inalimenya tofali. Ukiona unga mweupe umetoka wenyewe juu ya matofali mapya, hiyo ni chumvi ya ndani ya udongo wake. Ifagie ikiwa kavu, kwa brashi, uizoe. Ukiiosha inarudi ndani na kesho imetoka tena. Utando wa kijani wa Januari na Februari ndio unaoangusha wazee: sugua kwa brashi ngumu na jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa kumi, suuza, kisha punguza matawi yanayozuia jua. Tofali lisipopata jua, kila utakachomwaga ni cha wiki mbili tu. Kuosha kwa mashine ya maji ya nguvu, ile ya kwenye vituo vya kuoshea magari, sishauri. Inachimba mchanga wa nafasi na kuchubua uso wa tofali.

Sisimizi watatoa mchanga juu, vilima vidogo vidogo. Fagia urudi ulikotoka. Tofali likicheza ukilikanyaga, liinue siku hiyohiyo, ongeza konzi ya mchanga, lirudishe, dakika tano. Ukilingoja, lile la jirani nalo litaanza, na kufikia masika utakuwa na eneo la mlango mzima.

Na yale matofali thelathini au arobaini yaliyobaki usiyafungie stoo. Yapange nyuma ya jiko la nje, juu ya mawe ili mchwa wasijenge chini yake, yapigwe na jua, mvua na moshi. Siku utakapohitaji kubadilisha moja, liwe limeshakuwa na rangi ya wenzake.